Ugonjwa usio na jina hutafutiwa mchawi: Bunyakiri inahitaji vipimo, si karuho

BUNYAKIRI, wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini.

Katika Bunyakiri homa ina majina matatu tu. La kwanza ni malaria. La pili ni tifoidi. Dawa za hizo mbili zikishindwa, linakuja jina la tatu, nalo halitoki kwa muuguzi: karuho. Maana yake mgonjwa amelishwa sumu, na aliyemlisha ni jirani, mama mkwe, mke mwenza, au bibi kizee ambaye hana mtu wa kumtetea.

Mazoea haya yanaua watu wawili kwa mara moja. Anakufa kijana ambaye ugonjwa wake haukutafutwa. Na anaweza kufa mzee ambaye hakufanya kitu chochote, kwa sababu familia ilihitaji jibu na hakuna aliyeipa jibu lingine.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 16, awe wa Bulambika au wa familia iliyokimbia vita na kulala katika darasa la shule. Hakuna haja ya kutaja jina, maana njia hii wamepita wengi. Anaanza kuchoka bila kufanya kazi. Asubuhi vidole vinakakamaa na kuuma, hawezi kushika jembe wala kalamu. Homa inakuja na kuondoka. Kituo cha afya kinampima malaria, kipimo kinasema ndiyo, anapewa dawa. Baada ya wiki mbili amerudi. Sasa inakuwa tifoidi, anatundikiwa serumu. Mwezi unaofuata amerudi tena, nywele zinadondoka, mashavu yana madoa. Familia imekwisha kuuza mbuzi, sasa inauza shamba la mihogo. Anachomwa sindano kwenye duka la dawa, anapata nafuu siku tatu, watu wanashangilia, kisha anaanguka kuliko mwanzo. Uso na miguu vinavimba. Hapo shangazi mmoja anasema kwa sauti ya chini: ugonjwa huu si wa hospitali.

Maneno hayo, "si wa hospitali", ndiyo yanayopaswa kupigwa vita. Dalili zile zote ni za hospitali. Zinajulikana, zimeandikwa katika vitabu vya udaktari, na kwa pamoja zinaweza kuwa dalili za ugonjwa uitwao lupusi.

Askari wanaogeukia raia

Mwili wa mtu una kinga yake. Kazi yake ni kupigana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Katika lupusi na magonjwa ya ukoo wake, kinga hiyo inakosea adui. Inaanza kushambulia viungo, ngozi, damu, figo, mapafu, hata ubongo wa mwenye mwili. Ni kama askari waliotumwa kulinda kijiji, kisha wakageuza bunduki kwa wanakijiji. Wakaaji wa Bunyakiri hawahitaji maelezo mengi zaidi ya hayo.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Hautokani na chakula cha mtu wala na jicho la mtu. Kati ya wagonjwa kumi, karibu tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, yaani umri wa shule, wa kuolewa na wa kuzaa. Watu weusi wanaupata zaidi kuliko wazungu, na mara nyingi unawashika kwa ukali zaidi. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba katika Afrika hauko. Ulikuwapo. Wasichotafuta hawakukiona.

Dalili zake hazifiki zote siku moja, na hapo ndipo penye mtego. Mmoja ataanza na maumivu ya viungo, mwingine na vidonda vya kinywani visivyouma, mwingine na madoa ya mashavuni yanayovuka pua kama mabawa ya kipepeo na kuzidi akikaa juani. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hayaonekani mekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Yanaweza kuonekana meusi zaidi au ya rangi ya zambarau. Mwingine ataanza na kifafa au kuchanganyikiwa, na huyo atapelekwa kwenye chumba cha maombi kabla ya kupelekwa kwa daktari. Hatari kubwa ni figo. Zinaharibika kimya kimya, bila maumivu, mpaka mkojo unapotoa povu na miguu inapovimba.

Si kila kijana mwenye dalili hizi ana lupusi. Anaweza kuwa na kifua kikuu, VVU, anemia ya selimundu ambayo wengi wanaiita drepa, au ugonjwa wa moyo unaofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, ambao nao ni kosa la kinga ya mwili. Anaweza kuwa na kisukari cha vijana, ambacho pia kinatokana na kinga kushambulia kongosho: mtoto anakonda, anakunywa maji mengi, anakojoa usiku kucha, kisha anakufa akitibiwa malaria, wakati tone moja la damu kidoleni lingesema ukweli. Kwa kuwa magonjwa ni mengi, kazi ya kupima haiwezi kurukwa. Kubahatisha hakutoshi.

Vipimo vinavyodanganya

Wauguzi wa vijijini wanafanya kazi kubwa kwa mshahara mdogo, wengi wao bila mshahara wa serikali hata kidogo. Lakini ukweli usemwe. Katika eneo la malaria kama hili, mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu huku kinachomuumiza ni kitu kingine. Tena kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha "ndiyo" kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo mara ya kwanza, mgonjwa atibiwe. Kikisema ndiyo mara ya tatu katika miezi miwili, na dawa imemezwa vizuri, muuguzi hana haki ya kufunga fishi na kusema ameshajua.

Kipimo cha tifoidi kiitwacho Widal ni kibaya zaidi. Kikifanywa mara moja tu hakithibitishi kitu, maana mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Hata hivyo, ni wangapi wamelipia serumu na sindano kwa sababu ya karatasi moja ya Widal?

Kuna jingine ambalo halisemwi. Lupusi inaweza kudanganya kipimo cha sifilisi. Msichana ambaye hajawahi kulala na mwanaume anaweza kusoma kwenye karatasi ya labo kwamba ana sifilisi. Mtu afikirie kinachompata msichana huyo nyumbani, mbele ya baba yake, au mbele ya mchumba aliyekwisha kutoa mbuzi. Kosa la karatasi linakuwa kosa la tabia yake.

Na zile sindano za dukani zinazoleta nafuu ya siku tatu, nyingi zina dawa za jamii ya kotizoni, kama deksametazoni. Zinazima moto kwa muda na kuficha dalili, hivyo daktari anayempokea mgonjwa baadaye anashindwa kuona ugonjwa wazi. Mgonjwa mwenye kifua kikuu kilichojificha anaweza kuamshiwa kifua hicho. Na aliyetumia kotizoni muda mrefu akaiacha ghafla anaweza kufa. Dawa hiyo hiyo ikiwa mikononi mwa daktari inaokoa maisha ya mgonjwa wa lupusi. Dukani, bila kipimo, ni kamari.

Karuho

Mtu anayesema kwamba sumu haipo duniani anadanganya. Watu wamewahi kuuana kwa sumu tangu zamani. Lakini sumu inayomfanya msichana akakamae vidole kila asubuhi kwa miezi sita, adondoshe nywele na apate madoa mashavuni akikaa juani, hiyo si sumu ya sahani. Na mganga wa karuho anayempa dawa ya kutapisha mtoto ambaye figo zake zimekwisha kuchoka, anamkausha maji na kumsogeza kaburini. Kisha analipwa, na kifo kinahesabiwa juu ya jirani.

Kivu ya Kusini inajua mwisho wa njia hiyo. Mwezi wa tisa mwaka 2021, wanawake wasiopungua wanane waliuawa katika wilaya za jimbo hili kwa kushutumiwa uchawi, wengine wakichomwa moto. Katika Kabare, wale wanaojiita watumishi wa vyumba vya maombi, wanaojulikana kama bajakazi, walikuwa wakiwaonyesha kidole wazee wa kike na kijana wa kijiji akamaliza kazi. Hao waliouawa walikuwa mama wa watu. Ukiuliza shutuma hizo zinaanzia wapi, mara nyingi utakuta kitanda cha mgonjwa: mtoto anayeisha polepole, na daktari ambaye hakusema ana nini.

Kwa hiyo anayedai vipimo kwa ajili ya kijana mgonjwa, anamdai pia usalama wa bibi kizee wa nyumba ya tatu.

Visingizio vitatu

Kisingizio cha kwanza kinasema: kuna vita, kuna kipindupindu, kuna surua, nani ana muda wa ugonjwa wa watu wachache? Jibu ni kwamba hao wachache hawajahesabiwa. Hakuna anayejua ni wachache, kwa kuwa wote wameandikwa katika daftari la malaria. Na familia inayorudi kituoni mara nane kwa ugonjwa mmoja inakula dawa za wagonjwa saba wengine.

Kisingizio cha pili kinasema: hatuna mashine. Ni kweli kwamba kipimo kikubwa cha lupusi, kile cha kutafuta kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, hakiko kwenye kituo cha afya, na wataalamu wa magonjwa haya nchini Kongo ni wachache sana, wengi wao wako Kinshasa. Lakini safari haianzii hapo. Inaanzia kwenye kikaratasi cha kuchovya katika mkojo, kinachoonyesha kama kuna protini na damu. Inaendelea na hesabu ya damu, kasi ya damu kutua, kreatinini ya figo, kipimo cha VVU, cha drepa, cha sukari na cha makohozi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa orodha yake ya kwanza ya vipimo vya lazima. Kikaratasi cha mkojo na kipimo cha sukari vimo humo, tena kwa vituo visivyo na labo. Ni vitu vya bei ndogo kabisa katika biashara ya afya. Kituo chenye firigo ya chanjo kikakosa kikaratasi cha mkojo hakiwezi kusema kwamba kosa ni la umaskini peke yake. Na hicho kipimo kikubwa chenyewe si hakimu: hata malaria na maambukizi mengine yanaweza kukifanya kiseme ndiyo. Daktari anayemuuliza mgonjwa, anayemshika viungo na kusoma mkojo wake, bado ndiye anayetoa jibu.

Kisingizio cha tatu ni kibaya kuliko vyote: mkipata jina, dawa ziko wapi? Dawa ya msingi ya lupusi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile ile ambayo wazazi wa Bunyakiri waliimeza kwa malaria kabla ya dawa za mseto. Ni kidonge. Hakihitaji barafu wala sindano, na mwanamke anaweza kuendelea nacho akiwa mjamzito kwa uangalizi wa daktari. Macho yanapaswa kupimwa mara kwa mara kwa mtu anayekitumia miaka mingi. Mwaka 2020 dunia nzima ilikigombania kwa ajili ya korona, na wagonjwa wa lupusi katika nchi nyingi wakakikosa. Waliokuwa na pesa walijua thamani yake. Kumnyima mgonjwa jina la ugonjwa wake kwa sababu dawa ni ngumu kupatikana, ni kuhakikisha kwamba dawa hiyo haitaagizwa kamwe. Hakuna anayeagiza dawa ya ugonjwa ambao hauko katika daftari.

Mpox ilionyesha kwamba inawezekana

Wanaosema kwamba damu ya mgonjwa wa kijijini haiwezi kufika kwenye labo kubwa wakumbuke Kamituga. Mwaka 2023 mpox ililipuka katika mji ule wa machimbo, wilayani Mwenga, katika jimbo hili hili lenye barabara hizi hizi. Sampuli zilichukuliwa vidondani, zikasafiri, wachunguzi wa Kongo na wenzao wakagundua aina mpya ya kirusi. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia nzima. Magari yakapatikana. Chanjo zikafika.

Yalikuwa mazuri, na yaendelee. Lakini somo liko wazi. Ugonjwa unaoweza kuwafikia wengine kwa ndege hutafutiwa jina haraka. Ugonjwa unaobaki katika mwili wa msichana mmoja wa Bunyakiri hauogopeshi mtu wa Geneva, hivyo unaachwa. Serikali ya Kinshasa haiwezi kujificha nyuma ya hilo. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Haikusema haki ya kutibiwa magonjwa yanayoambukiza tu. Na mwaka 2001 huko Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Zaidi ya miaka 20 imepita.

Kilomita 80 na bariere

Bunyakiri iko karibu kilomita 80 kutoka Bukavu, kwenye barabara ya taifa namba 3, ile inayopita Miti, ikakata hifadhi ya Kahuzi-Biega na kuendelea Hombo na Walikale. Kwa amani na barabara nzuri ingekuwa safari ya asubuhi moja. Wenye kuipita wanajua matope yake na bariere zake. Tangu mwezi wa pili 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa siku hizo hizo, na benki zilifunga milango. Mgonjwa wa ugonjwa wa kudumu ndiye anayeumizwa zaidi na hali kama hiyo, maana hahitaji safari moja. Anahitaji kurudi kwa daktari kila baada ya miezi michache, kwa maisha yake yote.

Kwa familia zilizokimbia, mzigo ni mara mbili. Fishi za zamani zimebaki katika nyumba iliyoporwa. Kila kituo kinaanza upya, na kuanza upya ni kuanza na malaria.

Yanayopaswa kufanyika

Zoni ya afya iweke kanuni moja rahisi: kijana aliyetibiwa malaria au tifoidi mara tatu katika miezi mitatu bila kupona, asipewe dawa ya nne. Apimwe mkojo siku hiyo hiyo na atumwe hospitali kuu ya rufaa akiwa na barua inayoeleza yote aliyopewa. Kanuni hiyo haihitaji mashine wala mfadhili.

Mashirika yanayosaidia afya yaweke vikaratasi vya mkojo na vipimo vya sukari ndani ya makasha yanayoleta dawa za malaria. Makohozi ya kifua kikuu yana njia ya kusafirishwa hadi kwenye mashine. Chupa ya damu ya msichana mwenye figo zinazoisha isafiri kwa njia hiyo hiyo. Madaktari wa Bukavu wakubali kupigiwa simu na wenzao wa Bunyakiri, maana picha ya mashavu na karatasi ya labo zinapita kwenye simu hata pale ambapo mgonjwa hapiti.

Wenye silaha, wa pande zote bila kuchagua, wamwachie mgonjwa na dawa zake njia, bila kudai pesa ya bariere. Mwenye barua ya hospitali si adui wa mtu.

Wachungaji, mapadri, maimamu na machifu waseme wazi, siku ya ibada na kwenye mikutano, kwamba kuombea mgonjwa ni jambo jema na kumtaja mchawi wake ni jinai. Wale wa RECO wanaopita nyumba kwa nyumba waongeze maneno mawili juu ya viungo vinavyokakamaa na mkojo wenye povu.

Na wazazi nao wana sehemu yao. Watunze kila karatasi ya hospitali katika mfuko wa plastiki, wakimbie nao kama wanavyokimbia na cheti cha kuzaliwa. Waandike siku ambayo homa ilianza, siku ambayo madoa yalitoka, dawa iliyotolewa. Wakifika kituoni waulize bila woga: mmempima mkojo? Wasinunue sindano ya dukani. Na katika AVEC zao, ile akiba inayotolewa kwa mganga wa karuho itolewe kwa nauli ya hospitali kwanza.

Muuguzi anayesema "sijui, nakutuma mbele" hajashindwa kazi, ameifanya. Zoni ya afya ya Bunyakiri iwape wauguzi wake ruhusa ya kusema hivyo, na ianze mwezi huu, kabla mtoto mwingine hajaambiwa kwamba ugonjwa wake si wa hospitali.